Rotterdam walikosea pale pa kupitisha

Nilisema wakati ule na ninarudia leo: jaribio la kirusi cha mafua ya ndege, H5N1, la Rotterdam, lililochapishwa mwaka 2012, liliharibikia hatua moja tu, ile ya kupitisha.

Mnakumbuka mpangilio. Timu ya Ron Fouchier ya huko ilichukua kirusi cha Indonesia cha mwaka 2005, ikakibadilisha kwa makusudi mahali 3. Mabadiliko 2 yaliwekwa kwenye hemaglutinini, protini ya uso wa kirusi, ili ishike vipokezi vya njia ya hewa ya binadamu. Moja liliwekwa kwenye jeni ya PB2, lile la 627K linalokiwezesha kuzaliana puani penye nyuzijoto 33, ilhali kimezoea utumbo wa ndege wenye 41. Kwa fereti, wanyama wa kupimia mafua, wale wa kizimba cha jirani hawakuambukizwa. Jibu likawa limepatikana: hayo 3 hayatoshi. Lilistahili kuchapishwa, na kazi iishie hapo.

Wao wakaamua kukilazimisha. Walikitoa puani mwa fereti mmoja wakakipandikiza kwa mwingine, mara 10, na kila mara kilichozaliana vizuri zaidi ndicho kilichosonga mbele. Mwishoni, fereti 3 kati ya 4 waliokaa jirani bila kugusana waliambukizwa kwa hewa. Mtafiti anayepitisha namna hiyo hapimi tena uwezo wa kirusi, anakifundisha. Na kilichofundishwa ni H5N1 kamili, iliyoua takriban nusu ya wagonjwa waliothibitishwa. Mwaka huohuo wa 2012, mtafiti mwingine, Kawaoka, alipachika hemaglutinini ya H5 iliyobadilishwa juu ya jeni 7 za H1N1 ya 2009, akaona maambukizi ya hewa vilevile. Iliwezekana basi bila H5N1 kamili; Rotterdam hawana udhuru.

Vizimba vya Rotterdam vilipangwa sawasawa. Hapo sina neno.

Linganisheni kupitisha kwao na kule kwa watafiti Smith, Andrewes na Laidlaw mwaka 1933. Nao walipitisha, lakini kirusi chao kilitoka kooni mwa mgonjwa wa mafua. Tayari kilikuwa cha watu. Mwaka 1936 fereti alimpigia chafya mtafiti Stuart-Harris, naye akaugua, na ikathibitika kwamba mafua hutoka kwa fereti kwenda kwa mtu. Wale ndio walimu wangu.

Na kilio changu cha siku zote ni joto. Mwaka 2007, watafiti Lowen na Palese walionyesha kwa simbilisi, yule anayefugwa Kivu kwa kitoweo, kwamba kwenye nyuzijoto 30 mafua hayakusambaa kwa hewa. Mwaka 2008 wakawaweka kizimba kimoja, yakasambaa kwenye 30 ileile. Bujumbura mchana tunaikaribia 30. Kwetu swali la kwanza ni mguso: mikono, matundu ya kuku, maji ya kunyweshea. Jaribio la Rotterdam halikuligusa.

Januari 2017 mafua ya ndege ya H5N8 yaliwaua buabua kando ya Ziwa Victoria, Entebbe, na kuku na mabata Masaka. Hakuna maabara iliyokifundisha kirusi hicho; kilifika na kuua chenyewe. Delta ya Rusizi, langoni mwa jiji letu, hupokea ndege wahamiaji vilevile. Wafadhili, fedha za kupitisha virusi zileteni huku: zinunue vijiti vya sampuli, zimlipe daktari wa mifugo anayezunguka masoko ya Buyenzi. Kirusi kichunguzwe kingali kwenye bata, kabla hakijamfikia mwuzaji.