Heko, Mafundi wa GNOME

Zamani, aliyetaka kurekebisha hata herufi moja katika programu za GNOME, mradi wa programu huria ulioanza 1997, angeweza kumaliza siku nzima akisaka vipande vya msimbo vinavyokosekana; akipata hiki, kile kinagoma. Wengine walikata tamaa kabla ya kuigusa kazi yenyewe.

Pongezi zangu ziwaendee waliounda Builder, programu ya GNOME ya kuandikia msimbo. Unachagua mradi, unabofya kitufe, nayo inapakua mahitaji yake kupitia Flatpak, mfumo wa kusambaza programu, pembeni, bila kuvuruga kompyuta yako. Kisha unahariri msimbo na kuuendesha, dirisha la programu linafunguka, na neno ulilolibadilisha mwenyewe limo! Mgeni siku ya tatu mpe jembe, walisema wahenga. Hawa humpa siku ya kwanza, tena lenye mpini.

Wakongwe wa mradi nao huzitenga kasoro nyepesi na kuzibandika alama ya wageni, ilhali wangeweza kuzimaliza wenyewe upesi.