Mali Bila Daftari

Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916 ina uzito wa gramu 7 na kitu. Upande mmoja kuna tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake milima, chini yake mwaka na herufi T. Upande wa pili kuna tai wa dola ya Ujerumani, jina la koloni, na nakshi ndogo zilizopinda pembeni. Ukiwekewa mbili mkononi utaapa kuwa ni mapacha. Katalogi ya wakusanyaji wa sarafu itakukatalia. Itakuelekeza kwenye nakshi ya kulia: katika sarafu moja ncha yake inakomea chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, katika nyingine inakomea chini ya herufi A inayofuata. Basi. Tofauti yenyewe haizidi upana wa punje ya ulezi.

Lakini tofauti hiyo ndiyo inayotujulisha kwamba muhuri wa kupigia haukuwa mmoja, na kwamba kuna mkono wa fundi uliorudia kazi ile ile bila kuiangukia nafasi ile ile. Ulikuwa wakati wa vita. Manowari za Waingereza zilikuwa zimeziba pwani, fedha haikuweza kuletwa kutoka Ulaya, na askari, wapagazi na wauza vyakula walikuwa wanataka kulipwa. Dhahabu ikatoka mgodi wa Sekenke, huko Iramba, ikapelekwa kwenye karakana ya reli Tabora, mji ambao garimoshi lilikuwa limeufikia mwaka 1912 tu. Zikapigwa sarafu zaidi kidogo ya 16,000. Kwa shaba iliyookotwa huku na huku, yakiwemo maganda ya mizinga, zikapigwa na za heller 5 na 20. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia mjini, na kazi ikawa imekwisha.

Naandika kuwasifu watu walioiona ncha ile ya nakshi. Nawasifu wanaotengeneza vitabu vya picha vya vitu vya kale: wachoraji, wapiga picha, na wale wanaoandika mistari miwili mitatu chini ya picha. Vitabu vyao vimezoeleka kuonekana kama mapambo ya meza za sebuleni, vikubwa, vizito, vya bei. Kwangu mimi ni miongoni mwa kazi za ufundi zinazodai uaminifu mkubwa kuliko nyingi tunazozisifu kila siku, na hakuna mahali zinapohitajika zaidi kuliko kwenye njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe, eneo la Tabora, mpaka Ujiji.

Njia ile haikuacha makasri ya mawe. Ilikuwa njia ya watu waliobeba mali mabegani na kichwani, wakalala kwenye kambi za miti na nyasi, wakajenga tembe za udongo. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia ya kati ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia, na vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mgeni anayefika Kwihara, nje kidogo ya Tabora, anaoneshwa tembe ambalo David Livingstone na Henry Stanley walifikia tarehe 18 Februari 1872. Stanley akaondoka Machi 14, Livingstone akabaki akisubiri wapagazi mpaka Agosti 25. Ni mahali pazuri pa kutembelea, lakini tembe lenyewe limejengwa upya, kwa sababu udongo haustahimili masika yasiyohesabika. Vilivyostahimili ni vidogo: shanga, vitindi vya waya wa shaba, kibangwa cha kombe la baharini kilichovaliwa na watemi, jembe la wahunzi wa Uzinza, sarafu, pingu. Vitu vidogo hupotea kirahisi. Hudondoka mfukoni, hugawanywa msibani, huuzwa kwa mpita njia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa vitu vya namna hii daftari lisilo na picha ni nusu ya daftari.

Chukua shanga. Mpelelezi Richard Burton alifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1860 aliorodhesha kwa makini bidhaa za misafara: nguo za merikani na kaniki, nyaya, na aina nyingi za shanga kwa majina yake. Ni orodha ya thamani. Lakini msomaji aliyeshika shanga nyekundu iliyochimbuliwa shambani hawezi kujua kwa kusoma tu kama hiyo ndiyo sami-sami yenyewe. Sami-sami ya misafara ilikuwa nyekundu juu na nyeupe ndani, na weupe huo hauonekani isipokuwa kwenye tundu. Mpiga picha asiyejua atailaza shanga ubavuni apate wekundu wake mzuri. Anayejua ataisimamisha kidogo, tundu litazame kamera, kile kiduara cheupe kitokeze. Hapo picha imejibu swali. Wafanyabiashara wenyewe walilijua hilo zamani: muuza shanga wa London, Moses Lewin Levin, aliwatungia wateja shanga kwenye kadi za sampuli, safu kwa safu, na kadi hizo leo zimo katika Makumbusho ya Uingereza. Mwaka 1987 Lois Sherr Dubin alipotoa kitabu chake kikubwa cha historia ya shanga duniani, aliweka ndani yake chati ndefu inayokunjuliwa, shanga zikiwa zimepangwa kwa zama na kwa nchi. Mtu hukunjua karatasi ile akaona kwamba shanga ya Unyamwezi ina ndugu Venice na India.

Anayechora kifaa cha kale hachori kama mchora mandhari. Desturi ya wachoraji wa akiolojia ni kuufanya mwanga utoke juu kushoto, kila mara, ili anayefungua ukurasa ajue mara moja palipobonyea na palipotuna. Chungu huchorwa nusu kwa nje, na nusu ya pili kana kwamba kimepasuliwa, unene wa ukuta wake uonekane. Pembeni huwekwa mstari wa kipimo. Mwenye kupiga picha za sarafu huiinamisha taa mpaka mwanga utambae juu ya uso wa sarafu, maana mwanga ukishuka wima dhahabu inang'aa na maandishi yanazama. Ufa hauzibwi, kutu haifutwi, na mpini uliobadilishwa baadaye haufichwi. Mchoraji mwenye kipaji hujinyima hapa. Mkono wake unaweza kukipamba kifaa, naye anauzuia.

Uzuri wa kujinyima huko tunautambua tukitazama kule ulikokosekana. Wapelelezi Speke na Grant walifika Kazeh Januari 1861. James Grant alikuwa na jicho zuri na mkono mtulivu. Michoro yake ya safari ile, mingine ya rangi za maji, imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland. Kitabu cha Speke kilipochapishwa mwaka 1863, michoro ya Grant ilipitia kwa Johann Baptist Zwecker, mchoraji aliyekuwa London, ili ikatwe kwa ajili ya mtambo. Zwecker alikuwa fundi hodari wa wanyama na matukio, simpunguzii heshima. Lakini katika kurasa zake naona watu wa bara wakisimama kama sanamu za majumba ya Ulaya, na vyombo vimekuwa pambo la pembeni. Alichora asichokiona. Anayetaka kujua mkuki ulikuwaje, au kiti, au ngoma, afadhali arudi kwa Grant aliyekaa mbele ya kitu chenyewe.

Na picha peke yake haitoshi. Chini yake lazima yaje maneno: ni kitu gani, cha mti gani au madini gani, kina urefu gani, kilitengenezwa wapi, kilikuwa cha nani, nani alikichukua, kiko wapi sasa. Mfano ninaoupenda ni kiti cha enzi cha Buruku, kilichotoka Unyamwezi, ambacho sasa kiko katika Makumbusho ya Etnolojia ya Berlin. Ni kiti cha duara chenye egemeo refu, na kwenye egemeo hilo limechongwa umbo la mtu, kana kwamba anamlinda aketiye. Kilichukuliwa wakati wa utawala wa Wajerumani. Kingeweza kuandikwa "kiti, Afrika Mashariki, karne ya 19", na vitu vingi vya kwetu vimeandikwa hivyo hivyo, vikabaki yatima. Kwa kuwa jina la mahali, Buruku, liliandikwa na likaendelea kunakiliwa kitabu hadi kitabu, kiti kile bado kina kwao. Siku mazungumzo ya kurudisha mali zetu yatakapofika kwenye viti vya watemi, neno hilo moja litakuwa na uzito zaidi kuliko hotuba nyingi.

Vitabu vya namna hiyo vipo, na baadhi vimetuheshimu hata katika jalada. Mwaka 1994 Jens Jahn alihariri kitabu kikubwa kilichofuatana na maonyesho ya Berlin na Munich, na kikabeba jina la Kiswahili pamoja na la Kijerumani: Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika. Mwaka 2013, New York, Gary van Wyk aliandaa maonyesho na kitabu cha sanaa ya Tanzania, akakiita Shangaa. Kabla yao, Franz Stuhlmann alikuwa ameandika mwaka 1910 juu ya ufundi na viwanda vya mikono vya Afrika Mashariki. Zanzibar nayo ina kitabu cha milango, cha Mwalim A. Mwalim na mpiga picha Uwe Rau, cha mwaka 1998.

Ninayemweka juu ya wote katika habari za bara ni Hans Cory, Mwaustria aliyefanya kazi serikalini Tanganyika akichunguza mila. Mwaka 1953 alichapisha kitabu cha michoro ya kutani ya chama cha wacheza nyoka wa Usukuma, jirani zetu wa kaskazini. Watu wa chama walichora kwenye kuta za udongo, ndani ya nyumba zao, nyoka, watu na alama walizozielewa wao. Kuta za udongo hazina miaka mingi. Cory alizinakili zingali zimesimama, akauliza kila alama ina maana gani, akaandika alichoambiwa. Mwaka 1956 akafuata na kitabu cha vinyago vya udongo vilivyotumika unyagoni. Nyumba zile zimeanguka, na michoro bado inasomeka.

Kuna upande unaonitia wasiwasi. Vitabu vingi vya wakusanyaji huweka safu ya bei, na safu hiyo ndiyo inayosomwa kwanza. Bei humfundisha mtu kuuza kabla hajajua anauza nini. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayolinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863 pamoja na vingine vya kimila, na hakuna ruhusa ya kuvitoa nchini kiholela. Kitabu kizuri cha vitu vya kale kingeweza kuachana na bei kabisa bila kupungukiwa na kitu. Thamani ya sarafu ya tembo kwa kijana wa Tabora haiko mnadani. Iko katika kujua kwamba ilitoka kwenye karakana iliyo kando ya reli anayoivuka akienda shule.

Kijana huyo hana kitabu hicho. Vyote nilivyovitaja viko kwenye maktaba za mbali au vinauzwa kwa fedha ambayo mwalimu wa Tabora hawezi kuitoa, na vingi havisomeki kwa lugha yake. Makumbusho ya Taifa, wachapishaji wetu na vyuo vyetu wana vitu, wana wataalamu, na mitambo ya kuchapa kwa rangi ipo Dar es Salaam. Ninachowaomba ni kitabu kimoja cha njia ya misafara, kwa Kiswahili, chenye jalada laini na bei ya kitabu cha shule, picha zipigwe kwa subira niliyoieleza, na chini ya kila picha kiandikwe kijiji.

Nawe msomaji wa Tabora, Nzega, Sikonge, Urambo au Ujiji usingoje. Kama nyumbani kuna kibangwa, kitindi, kigoda cha babu au heller ya mwaka 1916, kitoe nje kivulini asubuhi, kiweke juu ya kitambaa cheupe, laza rula pembeni, ukipige picha mbele, nyuma na chini. Kisha muulize mzee aliyekitunza kilikuwa cha nani na kilitoka wapi, uandike majibu yake siku hiyo hiyo, pamoja na jina lake na tarehe.