Mwalimu wa Afya Hakimbii

Saa nne na robo, wakati wa mapumziko, mvulana wa darasa la tano alidondoka kutoka kwenye mwembe ulio nyuma ya jiko la shule. Wakaja ofisini watoto watatu wanahema: "Mwalimu, kaanguka! Mkono umepinda!" Walimu wawili wakatoka mbio. Mwalimu wa afya aliweka kalamu chini, akachukua kanga iliyokuwa kwenye kiti chake na magazeti mawili ya juzi, akatoka akitembea.

Nilikuwa mgeni pale, shule ya msingi moja mkoani Morogoro, na nilikuwa nimekwenda kwa shughuli nyingine kabisa. Nakiri mwendo ule uliniudhi. Mtoto analia, mtu mzima anatembea kama anakwenda dukani kununua chumvi! Baadaye nilipomuuliza, alijibu kwamba uwanja mzima huwa unamtazama yeye. Akikimbia, watoto nao watakimbia, wakanyagane, na badala ya majeruhi mmoja atapata watano. Tena akifika anahema, atasikiaje mtoto anavyopumua?

Chini ya mwembe aliketi vumbini na kitenge chake, hadi uso wake ukawa chini kidogo ya uso wa mtoto. "Unaitwa nani?" Anamjua tangu darasa la kwanza, lakini alitaka kusikia jibu linatokaje. Lilitoka na kwikwi, ila lilikuwa limenyooka. Akauliza ametua na nini kwanza, akawageukia waliokuwepo akauliza kama mwenzao alipoteza fahamu hata kidogo. Akauliza habari ya shingo. Mkono wenyewe, ambao sisi wote tulikuwa tumeukodolea macho, aliufikia mwisho.

Hapo mwalimu mmoja wa kiume akainama. "Tuunyooshe kabla haujavimba," akasema, na mikono yake ilikwisha kutangulia. Mwalimu wa afya hakumkemea. "Mwalimu, naomba unitafutie bajaji, bodaboda haitamfaa," alisema kwa heshima zote, na yule bwana akaenda, amepata kazi ya maana. Nimefikiri sana juu ya sentensi ile. Mfupa uliovunjika una ncha, na jirani yake pana mishipa ya damu na ya fahamu. Anayeuvuta bila ujuzi anaweza kuikata. Kueleza hayo mbele ya mtoto anayelia kungechukua dakika tatu na kumwongezea hofu. Kuagiza bajaji kulichukua pumzi moja.

Kisha nikaona kazi ya mikono. Kwanza alimvua bangili ya mpira, kwa sababu uvimbe ukishapanda haitoki. Akabonyeza ukucha wa kidole cha kati mpaka ukawa mweupe, akauachia. Wekundu ukarudi upesi: damu inafika. Akamwambia mtoto afumbe macho, akamgusa kidole kimoja kimoja akiuliza kipi hiki. Magazeti aliyakunja kwa urefu, yakawa magumu kama ubao. Akaweka sweta katikati ya gazeti na ngozi, akayalaza chini ya mkono jinsi mkono ulivyokuwa, na upinde wake wote. Alifunga kwa vitambaa juu ya palipovunjika na chini yake. Penyewe hakupagusa, na mafundo aliyaweka upande wa nje yasije yakaumiza. Kanga ikakunjwa pembetatu, ikapita shingoni, vidole vikakaa juu kidogo ya kiwiko. Halafu akarudia ule ukucha. Mara hii rangi ilichelewa. Akalegeza fundo moja, akabonyeza tena, akaridhika.

Marudio hayo ndiyo niliyoyapenda kuliko yote. Fundo lilikuwa zuri, lakini hakuliamini kwa uzuri wake.

Msichana mmoja alileta maji ya kunywa, huruma imemjaa usoni. Alirudishiwa chupa yake. Mtoto wa namna ile huenda akahitaji kulazwa usingizi hospitalini ili mfupa urudishwe, na tumbo likiwa na kitu, matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Ndiyo maana hakupewa hata pipi.

Kisha simu. "Mama, habari za asubuhi. Mimi mwalimu wa afya. Mtoto wako yuko hapa nami, anaongea, ananisikia." Akanyamaza kidogo. Ndipo akasema ameanguka, mkono wa kushoto, tunakwenda hospitali ya wilaya, tukutane huko. Nimewahi kupokea simu ya shule iliyoanza na "mwanao amepata ajali". Maneno yaliyofuata sikuyasikia. Mpangilio tu wa maneno, lakini mzazi aliye sokoni na ndoo kichwani atavuka barabara kulingana na mpangilio huo.

Mifupa, hata hivyo, ndiyo kazi yake nyepesi. Mfupa unaonekana. Ana mtoto mwenye kifafa darasa la nne, na hapo anapambana na zaidi ya ugonjwa: kuna hofu ya watu, na ni ya zamani. Mahenge, wilayani Ulanga, ni mkoa huu huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mzaliwa wa Norwei, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa kule, akakuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto. Walikuwa wameangukia mafiga, na watu waliogopa kuwagusa wakiamini povu huambukiza. Haliambukizi, lakini hofu haijaisha. Basi degedege likianza, mwalimu huyu anawatoa wengine nje, anasogeza madawati, anaweka sweta chini ya kichwa, anatazama saa. Kijiko mdomoni haweki. Kinavunja meno na hakizuii kitu. Dakika tano zikipita bila kukoma, ni hospitali. Likikoma, anamlaza mtoto ubavu na kubaki naye. Katika droo yake kuna sketi ya akiba, maana mtoto huamka amelowa. Darasa likirudi linamkuta ameketi, mkavu, kama aliyepitiwa na usingizi.

Kwa wenye pumu ana chupa ya plastiki ya nusu lita, imetobolewa kitako tundu lenye umbo la mdomo wa dawa ya kuvuta. Mtoto anavuta kutoka shingo ya chupa, taratibu, na dawa inashuka kifuani badala ya kuishia kooni. Nilidhani ni ubunifu wa umaskini. Kumbe mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha utafiti katika jarida la Lancet: kwa watoto waliobanwa na pumu, chupa kama hiyo ilifanya kazi sawa na kifaa cha kiwandani. Mwenye selimundu ana ruhusa ya kudumu ya maji na sweta, na asubuhi za baridi hapigi mchakamchaka. Aliyeungua na uji anawekwa mkono kwenye bomba linalotiririka dakika ishirini. Dawa ya meno, ambayo kila bibi anaiamini, haigusi ngozi hiyo. Na kidonge kilichofungwa kwenye kipande cha karatasi hakimezwi mbele yake. Anataka bahasha yenye jina, 1x3 yake, na ujumbe wa mzazi.

Yote yanaingia kwenye kauntabuku moja iliyochakaa. Nilipewa kuisoma. Hakuna "nadhani" wala "inasemekana": saa, mahali, alichokiona, alichofanya, aliyepigiwa simu. Ukipitisha kidole kwenye safu ya mahali unaona bombani, bombani, mwembeni, bombani. Aliipeleka kwa mwalimu mkuu bila barua, akaifungua tu na kumwonyesha safu ile. Sakafu ya bombani ikapigwa saruji ya kukwaruza, utelezi ukaisha, na jina la bomba likaanza kupotea kwenye kurasa. Nafikiri hiyo ndiyo tiba yake kubwa kuliko zote, ingawa hakuna aliyefungwa bandeji.

Tawi la chini la mwembe lilikatwa wiki ileile. Mvulana alirudi Jumatatu na hogo jeupe hadi juu ya kiwiko, na kabla ya kengele wenzake walikuwa wamelijaza majina yao kwa kalamu. Mwalimu wa afya alimwita, akabonyeza ukucha wa kidole cha kati, akauachia. Kisha akafungua kauntabuku na kuandika: "Amerudi. Vidole vina joto. Asicheze mpira."