Nikeli ya Dutwa: unga wa kijani unavyogeuka mweusi na kupitisha umeme

Vilima vya Dutwa wilayani Bariadi na Ngasamo wilayani Busega vina nikeli iliyojikusanya katika udongo baada ya miamba kuoza kwa muda mrefu sana. Tangu kampuni ya African Eagle ilipochoronga huko, mjadala umekuwa wa tani. Tuutazame upande wa pili: nikeli hufanya kazi gani ndani ya betri?

Nikeli tupu hupitisha umeme vizuri. Kinachotunza chaji katika betri za nikeli, hata hivyo, ni hidroksidi yake, unga wa kijani ambao karibu haupitishi umeme kabisa. Kila elektroni imeshikiliwa na atomu yake na haina pa kwenda.

Ukiichaji betri, chaja huing'oa elektroni kwenye nikeli, huku ioni ya hidrojeni ikitoka na kugeuka maji ndani ya alkali. Pengo lililoachwa hujazwa na elektroni ya jirani, nayo huacha pengo jingine. Sasa umeme una njia, na unga huwa mweusi. Betri ikitumika, elektroni hurudi, mapengo huzibika, na njia hufungwa.

Hapo ndipo penye tabu. Punje za unga zilizotangulia kuisha chaji huziba njia ya punje nyingine ambazo bado zinayo.

Thomas Edison alipambana na tabu hiyo kwenye betri yake ya nikeli na chuma aliyoibuni mwaka 1901. Kwanza alichanganya unga huo na grafaiti, lakini betri zikachoka mapema. Baadaye alitumia mirija ya chuma yenye vitundu, akashindilia ndani yake tabaka la unga, kisha tabaka la vipande vyembamba mno vya nikeli tupu, akarudia hivyo mamia ya mara. Kila punje ikawa karibu na njia ya umeme. Watengenezaji waliofuata walipaka punje kobalti, ambayo ikishachajiwa hupitisha umeme vizuri. Toyota Prius ya mwaka 1997 ilitumia betri za jamii hiyo ya nikeli.

Kwa hiyo ubora wa betri hauamuliwi na wingi wa nikeli peke yake, bali pia na namna punje ilivyotengenezwa. Wanaopanga mustakabali wa Dutwa wadai kiwanda cha kusafishia na maabara ya kemia pamoja na mgodi. Tukiishia kuuza udongo, sehemu kubwa ya thamani itatengenezwa kwingine.