Kanisa, Kaisari na Mto Honia

Msomaji, riwaya hupimwa kwa mizani mbili. Kwanza twauliza kama kisa chake kinavutia. Pili twauliza kama kisa hicho kinawatendea haki watu kinaowaeleza. The River Between, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyotolewa mwaka wa 1965, yashinda katika mizani ya kwanza bila taabu. Juu ya mizani ya pili nina maneno machache, na yafaa tuyatafakari pamoja, maana humo mwaelezwa jinsi dini ya Kikristo na utawala wa kikoloni zilivyoingia katika nchi ya Wagikuyu zikiwa zimeshikana mikono.

Kisa chenyewe ni hiki. Vilima viwili, Kameno na Makuyu, vyatazamana, na katikati yake wapita mto Honia. Makuyu yuko Joshua, mhubiri mkali wa dini mpya. Kameno yuko mzee Chege, mlinzi wa mila, ambaye ampeleka mwanawe Waiyaki katika misheni ya Siriana akajifunze maarifa ya wageni asijifunze tabia zao. Muthoni, binti Joshua, atoroka nyumbani ili atahiriwe kama wasichana wa kabila lake, naye afa kwa jeraha hilo. Tangu hapo vilima vyawa maadui. Waiyaki ajenga shule na kuitwa Mwalimu, apendana na Nyambura, dada yake Muthoni, na mwishowe wote wawili watiwa mikononi mwa baraza la wazee wahukumiwe.

Jambo hili halikuzuliwa tu. Mwaka wa 1929 misheni ya Kanisa la Scotland huko Thogoto, pamoja na wenziwe wa Kijabe na Kambui, waliwataka Wakristo Wagikuyu waikane tohara ya wanawake kwa ahadi ya wazi. Wengi walikataa, wakatoka kanisani, na watoto wao wakakosa shule. Ni kweli kwamba wamisheni waliona sawasawa juu ya madhara ya desturi ile. Hata sheria ya Kenya ya mwaka 2011 yaikataza. Lakini ukweli ukitoka katika kinywa cha mtawala, mtawaliwa husikia amri, hasikii ukweli. Watu walikuwa wamekwisha nyang'anywa ardhi, wakatozwa kodi na kuvishwa kipande shingoni. Walipoambiwa waache na mila, walidhani kwamba kilichobaki nacho kinachukuliwa.

Hapa ndipo penye nguvu ya mwandishi. Joshua hahubiri habari za Mbinguni peke yake. Huamini pia kwamba kuitii serikali na kuilipa kodi ni wajibu wa Mkristo, maana mambo ya Kaisari apewe Kaisari. Ngũgĩ ametuonyesha jinsi neno la Mungu linavyoweza kugeuzwa kuwa tarishi wa serikali, na mtu anayelichukua asijue kwamba ametumwa. Historia yamuunga mkono. Dakta John Arthur, mkuu wa misheni ya Thogoto, aliwekwa mwaka 1924 katika Baraza la Kutunga Sheria kuwasemea Waafrika. Mtu mmoja alishika Biblia kwa mkono wa kuume na kiti cha serikali kwa mkono wa kushoto. Je, msikilizaji wake angejuaje ni mkono gani unaosema naye?

Lakini zipo kasoro mbili. Ya kwanza ni Muthoni. Katika watu wote wa kitabu, yeye peke yake ndiye anayetaka kuwa Mkristo na Mgikuyu kwa wakati mmoja, naye afa akisema kwamba anamwona Yesu. Wazo hilo ni zito kuliko mahubiri yote ya Joshua. Hata hivyo mwandishi amuua mapema, na toka siku hiyo mauti yake yawa hoja ya wanaume kugombania. Hatupewi nafasi ya kutosha kuuliza yeye mwenyewe angelisema nini juu ya kisu kilichomwua.

Kasoro ya pili ni Waiyaki. Ametabiriwa kuwa mkombozi. Watu wamngoja awaokoe, kisha wamkana. Mwaonaje, wasomaji? Je, si mfano ule ule wa Injili uliorudi kwa mlango wa nyuma? Kitabu kinachoilaumu dini ya wageni kimeazima mkombozi wake mmoja, aliyeachwa na watu wake. Mambo yalivyokuwa hasa yalikuwa makubwa zaidi. Shule za kujitegemea hazikujengwa na kijana mmoja mteule, bali na wazazi waliochanga senti zao. Chama cha shule hizo, KISA, kiliundwa mwaka 1934, na kando yake kilikuwapo chama cha Karing'a. Mwaka 1939 chuo cha ualimu kilifunguliwa Githunguri chini ya Mbiyu Koinange, na rika kwa rika walishindana kukichangia mpaka kilipofungwa wakati wa Hali ya Hatari, mwaka 1952. Riwaya yatufundisha kumngoja mkombozi; historia yatufundisha kuchanga.

Tena watu hao walijua kusoma. Mmesikia msemo maarufu kwamba mzungu alikuja na Biblia, mwenyeji akiwa na ardhi. Wakafumba macho kuomba, na walipofumbua, ardhi ilikuwa ya mzungu na Biblia ya mwenyeji. Msemo huu ni mtamu, nao una kweli juu ya ardhi, lakini juu ya Biblia si wa haki. Agano Jipya lilipotoka kwa Kigikuyu mwaka 1926, Bikira Maria aliitwa mũirĩtu, neno ambalo siku zile lilimtaja msichana aliyekwisha tahiriwa na hajaolewa. Wasomaji waliliona neno hilo, wakawauliza wamisheni: mbona mwatukataza? Hoja yao yaweza kupingwa. Lakini mtu aliyefumba macho haulizi swali kama hilo.

Ngũgĩ mwenyewe aliendelea kulipigania jambo hili. Mwaka 1970 aliwaambia wakuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki kwamba yeye si Mkristo. Mzee mmoja akamjibu kwamba jina lake, James, lamshuhudia vingine. Baadaye mwandishi aliliacha jina hilo, akabaki Ngũgĩ wa Thiong'o mpaka alipofariki mwaka 2025. Alichagua ng'ambo yake ya mto. Kitabu chake cha ujana hakikuchagua, na kwa maoni yangu hiyo ni fahari yake.

Sisi wa Gitothua hatukai mbali na kisa hiki. Ardhi iliyotuzunguka hapa Ruiru ilikuwa mashamba ya kahawa ya walowezi, na leo kila Jumapili nyimbo hutoka makanisani huku na huku. Kaisari wa kigeni amekwenda zake, lakini Kaisari hakosekani katika nchi yoyote, na kiti cha mbele kanisani hakijaacha kumpendeza. Basi kisome kitabu hiki, msomaji kijana. Na mtu akikuambia, "Mungu apenda hivi," usimdharau wala usimwitikie upesi. Uliza kwanza ni nani atakayefaidi ukitii, na ni nani atakayelipa. Muthoni alilipa, na hakuna aliyemwuliza.