Puto, kamba na mafuta ya Ghuba ya Mexico

Kila anayetaka kuwavutia watu kwenye sayansi ya mtaani huwaonyesha zile picha za 2010: kamera ndogo ya mfukoni, imetiwa ndani ya chupa ya soda iliyokatwa kitako, inaning'inia chini ya puto la heliamu juu ya fukwe za Louisiana. Huwa zinasifiwa kwa mambo mawili, urahisi wa bei na uzuri wake. Mimi nazipenda pia. Ila nadhani tunazisifu kwa mambo ambayo si nguvu yake, halafu kasoro zake tunazipita kimyakimya.

Kwanza kisa chenyewe. Mwanzoni mwa 2010 Jeffrey Warren, mwanafunzi wa uzamili pale MIT (ndiyo, mwenzetu), alikuwa Lima, Peru, akirusha maputo na tiara pamoja na wakazi wa makazi yasiyopimwa ili wapate ramani ya maeneo yao. Tarehe 20 Aprili mtambo wa Deepwater Horizon ukalipuka kwenye Ghuba ya Mexico. Watu 11 walikufa, na mafuta yakamwagika baharini kwa siku 87. Mei mapema kundi lake, likishirikiana na wanaharakati wa mazingira wa Louisiana, lilikuwa limeshaanza kurusha maputo kutoka kwenye boti na ufukweni. Kutokana na kazi hiyo ndipo likazaliwa shirika la Public Lab.

Wakati huohuo mamlaka ya anga ya Marekani ilizuia ndege kuruka chini ya futi 3,000 juu ya eneo hilo bila kibali, na waandishi wa habari walilalamika kwamba wananyimwa. Puto lililofungwa kamba lilikuwa na hali tofauti. Kanuni za huko zinaanza kulibana likizidi futi 6 kwa upana. Puto la Public Lab lina futi 5 na nusu. Kipimo hicho hakikutoka kwenye fizikia, kilitoka kwenye kusoma sheria vizuri, na kwangu mimi huo ni ubunifu kuliko ile chupa ya soda.

Fizikia nayo haina huruma. Lita moja ya hewa ina uzito wa gramu 1.2 hivi, ya heliamu chini ya gramu 0.2, kwa hiyo kila lita inakubebea gramu moja tu. Baluni la sherehe la sentimita 30 lina lita 14. Ukitoa gramu 3 za mpira wenyewe, umebaki na 11. Kamera pamoja na chupa ni gramu 280. Tulipojaribu na wenzangu tulifunga mabaluni 30, tukapiga hesabu, tukaona ziada ya gramu 50, tukafurahi. Tulisahau kamba. Ilikuwa ya katani, gramu 3 kwa kila mita, na unajua kilichotokea: ilipanda mita 16 hivi, usawa wa mnazi, ikagoma. Watoto waliokuwa wakitazama wakatuuliza kama ndio mwisho. Ndio ulikuwa mwisho. Puto moja la futi 5 na nusu lina mita za ujazo karibu 2.5, yaani linabeba kilo mbili na ushee kabla ya kutoa uzito wake, na hapo ndipo kamba nyembamba ya mita 300 inawezekana.

Kwenye kimo hicho cha mita 300, kamera ya kawaida inaona eneo la takriban mita 300 kwa 225, kama viwanja tisa vya mpira, na kila pikseli inafunika sentimita 8 hadi 10 za ardhi. Wakati ule setilaiti za biashara za Marekani hazikuruhusiwa kuuza picha kali kuliko sentimita 50. Kwa hiyo si kweli kwamba picha za puto zilikuwa mbadala wa wanyonge. Kwa ukali zilizishinda setilaiti kabisa. Unaona ndege mmojammoja aliyetua, unaona boya la kuzuia mafuta lililopinduka na kusukumwa kwenye nyasi.

Sasa kasoro. Wakusanyaji walijivunia kupata picha zaidi ya 100,000, na idadi hiyo inarudiwa kila mahali kana kwamba ndiyo matokeo. Kamera iliyobanwa kitufe kwa raba na kuachwa ipige mfululizo hukuletea maelfu ya picha mchana mmoja, nyingi zikiwa za mawingu, za miguu ya mtu na za upeo wa macho uliolala upande. Kazi ya sayansi huanzia kwenye kuchagua, na kuhusu kuchagua tunaambiwa kidogo.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Picha ziliunganishwa kuwa ramani kwa kuzivuta kwa jicho, kona baada ya kona, mpaka zilingane na picha ya zamani ya setilaiti. Katikati ya mji hilo linakwenda vizuri: kuna paa, kuna makutano ya barabara. Kwenye vinamasi vya Louisiana, ambako ukingo wenyewe ndio unaohama, unalinganisha na nini? Ukikuta ukingo umerudi nyuma mita tatu, huwezi kujua kama ni nyasi zilizokufa au ni mkono wako uliovuta vibaya. Vilevile rangi haitoshi. Tope bichi, mwani na kivuli cha wingu vinaweza kufanana na mafuta ukiwa juu, na hata mafuta halisi hayakuonyeshi unene wake kwa picha ya kawaida. Mtu aliyekuwa amesimama pale chini angeweza kuchota akanusa. Ramani yenyewe haikubeba ushahidi huo wa pua.

Kwa hiyo kama upimaji, nazipa alama za wastani. Anayetaka kupima sehemu kubwa atumie droni. Mwaka 2016 Zanzibar walianza kuchora Unguja na Pemba zote kwa droni, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakiwemo kwenye urushaji. Kwa puto, kazi hiyo usingeimaliza mpaka ustaafu.

Lakini kama ushahidi, alama zinapanda, na sababu ni kamba. Droni inapita juu ya paa la mtu na rubani hujui yuko wapi. Puto lina kamba, na mwisho wa kamba kuna mtu amevaa glavu, unaweza kumfuata ukamuuliza anapiga nini na ya nani. Anayepigwa picha anamwona anayepiga. Wavuvi wa Louisiana waliyashika wenyewe yale maputo kutoka kwenye boti zao. Waliposema "hapa ndipo palipofika mafuta", walikuwa wanaonyesha mahali waliposimama.

Na picha zenye thamani kuliko zote, kwa maoni yangu, ndizo zinazosifiwa kidogo: zile za vinamasi ambavyo mafuta yalikuwa hayajafika. Kijani kitupu, zinachosha kuziangalia. Bila hizo, kila picha ya baadaye ni huzuni tu isiyo na kipimo.

Hili linatuhusu moja kwa moja. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, Tanga, ambako meli zitapakia. Siombei lolote baya litokee. Ila anayetaka kurusha puto juu ya mikoko ya pwani ile, wakati wa kurusha ni kabla, na makosa ya Louisiana asiyarudie: aweke kwanza alama za kudumu ardhini, hata matairi yaliyopakwa chokaa, apime mahali pa kila moja, kisha apige kwenye maji kupwa yaleyale ya bamvua kila mwaka ili picha zilingane.

Kikwazo kitakuwa gesi, na hapo kuna kichekesho kidogo. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni moja ya utafutaji, walitangaza heliamu kwenye bonde la Rukwa, makadirio ya futi za ujazo bilioni 54. Hospitali zinaihitaji kupoza sumaku za mashine za MRI, na ikishavuja hewani hairudi, hupotelea angani. Kwa hiyo sioni haya kusema kwamba siku za upepo tutumie tiara. Arthur Batut alipiga picha za Labruguière, Ufaransa, kwa tiara mwaka 1888 bila hata lita moja ya gesi, na pwani ya Tanga upepo hatuuzwi. Maputo tuyatunzie zile asubuhi chache ambazo bahari imetulia na hata jani la mnazi halitikisiki.