Ufundi wa Kujibu

Simu ya Android iliyo mkononi mwa mwalimu au mchuuzi wa Lushebere ina vitu viwili ambavyo mwenyewe havioni. Cha kwanza ni tantali, madini yatokanayo na koltani, yaliyomo katika vipande vidogo vinavyotunza umeme ndani ya saketi. Huenda yalichimbwa Rubaya, katika teritwari hii hii ya Masisi, mashariki ya Kongo, machimbo yanayokadiriwa kutoa asilimia 15 hivi ya koltani ya dunia nzima. Cha pili ni Linux, kiini cha mfumo endeshi: ndicho kinachoiamsha simu, kinachozigawia programu kumbukumbu na kuzungumza na betri, kioo na antena. Vyote viwili ni kazi ya watu wengi. Lakini aliyelichimba jiwe hajulikani. Likishatiwa guniani na kuvushwa mpaka, jina la mchimbaji limekwisha kupotea. Linux imetunza majina. Kwa kila badiliko imeandikwa nani alilitunga na, mara kwa mara, nani alilikagua, nani alilijaribu na nani alikuwa wa kwanza kusema kwamba kuna kitu hakiendi sawa.

Huyo wa mwisho ndiye anayenivutia zaidi, pamoja na yule aliyekaa chini kumjibu. Programu huria husifiwa kwa sababu ni ya bure na kwa sababu msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Sifa hizo ni za haki. Mimi nataka kusifu ufundi uliojificha nyuma yake: kuuliza na kujibu mbele ya watu, kwa subira, mpaka kasoro ipatikane.

Linux yenyewe ilianza kwa swali. Tarehe 25 Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, aliwaandikia watumiaji wa mfumo mdogo uitwao Minix. Aliwaarifu kwamba anaunda mfumo wake mwenyewe, akawaomba wamwambie wanachokipenda na wasichokipenda katika ule waliokuwa nao. Toleo la kwanza, lililotoka mwezi uliofuata, lilikuwa na mistari takriban 10,000. Leo mistari imepita milioni 30, na kila baada ya wiki tisa au kumi hutoka toleo jipya lenye mabadiliko zaidi ya 10,000. Hakuna binadamu anayeijua mistari yote hiyo. Wengi wa wanaoiandika siku hizi wanalipwa na makampuni, lakini mshahara haumruhusu mtu kupitisha kazi yake bila kukaguliwa. Kinachoishikilia nyumba hii isianguke ni mazungumzo.

Kuuliza ni nusu ya ufundi. Simama kidogo kwenye kibanda cha fundi wa simu kando ya barabara ya Sake kwenda Masisi, umsikilize kabla hajashika bisibisi. “Ilianguka? Iliingia mayi? Unaichajia wapi?” Anajua kwamba simu inayochajiwa kwa jenereta ya jirani inaugua maradhi tofauti na ile ya sola, na kwamba mteja anayesema “imekufa tu” bado hajasema kitu. Mhandisi wa Linux huuliza vivyo hivyo. Toleo gani? Mashine gani? Ulifanya nini, ulitarajia nini, kikatokea nini? Kumbukumbu ya mashine iliandika nini kabla haijazima? Je, ukirudia hatua zile zile, kasoro inarudi? Taarifa yenye majibu hayo ni kazi iliyokwisha nusu. Anayeiandika vizuri amejizuia kukisia, ametenganisha alichokiona na anachokidhani, na hilo ni gumu kuliko linavyosikika.

Tuchukue mfano mmoja. Umesasisha mfumo, Wi-Fi imekufa. Toleo la zamani lilikuwa zima, jipya ni bovu, na kati yake yamepita mabadiliko 10,000. Mtoa msaada hamtumi mwulizaji akayasome yote. Anamwonyesha amri iitwayo bisect, iliyomo ndani ya Git, chombo ambacho Torvalds alikibuni mwaka 2005. Mashine inachagua badiliko la katikati. Mwulizaji anakiunda kiini kama kilivyokuwa kwenye badiliko hilo, anawasha kompyuta, anajibu neno moja: nzima au mbovu. Ikiwa nzima, mabadiliko elfu tano ya mwanzo yameondolewa shaka kwa mpigo mmoja. Ikiwa mbovu, mkosaji yumo humo humo. Kisha nusu ya nusu, na nusu yake tena. Baada ya majaribio yapatayo 14 limebaki badiliko moja tu, na aliyeliandika anaitwa aje alitazame. Mtu asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa msimbo amefika mahali ambapo wahandisi wenyewe hawakupaona. Kiraka kitakachotengenezwa kitabeba jina lake katika mstari wa aliyeripoti, na mstari huo utakaa katika historia ya Linux maadamu Linux ipo.

Upande wa pili yuko anayejibu. Karibu kila sehemu ya kiini ina mtunzaji wake: mmoja anashika vifaa vya sauti, mwingine mtandao, mwingine mfumo wa mafaili. Kiraka kikimfikia, haulizi tu kama kinafanya kazi. Anauliza kitawaumiza nani kwingineko, nani atakitunza miaka kumi ijayo, na kwa nini hakuna njia nyepesi zaidi. Anakirudisha na maelezo. Mwandishi anatengeneza toleo la pili, la tatu, pengine la saba. Anayeanza huona huo ni usumbufu. Akidumu, anagundua kwamba amefundishwa bure na mtu ambaye hajapata kumwona, na kwamba somo lenyewe limebaki wazi kwa yeyote atakayekwama mahali pale pale.

Juu ya mazungumzo hayo yote iko kanuni moja ambayo Torvalds ameilinda kwa ukali: mabadiliko ya kiini yasivunje programu ambayo jana ilikuwa ikimfanyia mtu kazi. Kosa lisitupiwe mtumiaji kwa kuwa hakwenda na wakati. Kwetu kanuni hiyo ina uzito mkubwa. Lushebere ni mahali ambapo familia zimehama na kuhama tena, ambapo zimewahi kusimama kambi za waliokimbia vita, na ambapo kompyuta iliyotumika miaka mingi haibadilishwi kwa sababu imetoka mpya. Mhandisi anayekataa kukivunja kifaa cha zamani anamheshimu mwenye kompyuta hiyo bila kumjua.

Heshima yenyewe ilichelewa kuingia katika maneno. Kwa miaka mingi majibu ya Torvalds yalikuwa makali hadi kudhalilisha, na wapo waliosifu ukali huo wakidhani ndio unaolinda ubora. Septemba 2018 aliomba radhi hadharani, akajiondoa kwa muda kutafuta msaada wa kurekebisha mwenendo wake, na mradi ukapokea kanuni mpya za maadili. Kazi haikulegea kwa sababu hiyo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini anayetukanwa kwa kuuliza hatauliza tena, na kasoro aliyoiona itabaki imejificha mpaka imdhuru mwingine. Ukarimu wa ulimi ni sehemu ya uhandisi.

Machi 2024 dunia ilionyeshwa gharama ya kumsahau anayejibu. XZ ni programu ndogo ya kubana mafaili, inayotumika katika karibu kila mfumo wa Linux. Mtunzaji wake alisema wazi kwamba nguvu zimempungua na kwamba kazi ile ni ya kujitolea, haina malipo. Majina yasiyofahamika yalikuwa yakimsukuma na kumlaumu kwa kuchelewa, huku mwingine aliyejiita Jia Tan akijitokeza kusaidia kwa upole. Kwa zaidi ya miaka miwili akajipatia imani, hatimaye akaingiza mlango wa siri ndani ya matoleo mapya. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata, aliyeona kwamba kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Hakuipuuza nusu sekunde hiyo. Alifuatilia, akaandika alichokiona hatua kwa hatua, akakiweka wazi tarehe 29 Machi. Taarifa moja iliyoandikwa vizuri iliepusha janga lisilokadirika. Na upole wa kweli kwa mzee mmoja wa kazi aliyechoka, kama ungemfikia mapema, huenda ungelizuia lisianze kabisa.

Je, mtu wa Masisi ana nafasi gani katika mazungumzo haya? Anayo kubwa kuliko anavyodhani. Mpaka leo viraka vya Linux husafiri kwa barua pepe za maandishi matupu, zisizo na picha wala mapambo. Wengine huuona mtindo huo umepitwa na wakati, lakini barua ya namna hiyo ina uzito wa kilobaiti chache tu, inaweza kuandikwa usiku bila mtandao na kutumwa asubuhi kwa mega kidogo sana, pale ishara inapopatikana mlimani. Zaidi ya hayo, mazingira yetu ni elimu. Umeme unaokatika faili likiwa linaandikwa, ishara inayopotea na kurudi, betri iliyochoka, joto la sola isiyo na kidhibiti: hayo ndiyo majaribio ambayo maabara ya Ulaya huhangaika kuyaigiza. Fundi wa kibandani anayaona kila siku. Anachokosa ni mazoea ya kuyaandika.

Jirani zetu wameonyesha kwamba inawezekana. Ushahidi, programu huria iliyozaliwa Kenya Januari 2008 katika ghasia zilizofuata uchaguzi, ilitumika mwaka huo huo kukusanya taarifa za vita mashariki ya Kongo. DHIS2, ambayo Kongo huitumia kwa takwimu za vituo vya afya, ina mizizi yake Afrika Kusini na inaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa katika kazi hiyo kwa miaka mingi. Vyombo hivi vimekua kwa malalamiko ya watumiaji yaliyoandikwa vizuri na kusikilizwa vizuri.

Kwa hiyo vyuo vya Goma na Bukavu vinavyofundisha kompyuta viwape wanafunzi mtihani wa kuripoti kasoro moja ya kweli, kwa ukamilifu, kwa watu wanaoitunza programu hiyo. Na anayejua ajibu kwa Kiswahili, mahali pa wazi. Jibu linalonong'onwa kwa rafiki humsaidia rafiki peke yake, na kesho litaulizwa upya kana kwamba halijawahi kutolewa. Likiandikwa hadharani, na jina la aliyeuliza kando ya jina la aliyejibu, linakuwa mali ya fundi wa Masisi, wa Walikale na wa Kigoma kwa pamoja, na kila mmoja wao atapata pa kuongezea alichokiona yeye.